Maji ya Ruracio

Daktari wa mifupa hakumwambia Naftaly Kaburu jambo lolote ambalo goti lenyewe halikuwa limekwisha kumwambia. Mtu wa miaka arobaini na saba, alisema, aliyechuchumaa mitaroni kwa miaka ishirini na miwili, asishangae goti likikataa kukunjika. Akamwandikia dawa ya kuchua na kumshauri atafute kazi ya kukaa. Naftaly alishukuru kwa adabu, akatoka akijiuliza ni wapi daktari huyo aliwahi kuona kazi za kukaa zikiokotwa.

Alikuwa fundi wa mabomba wa Mradi wa Maji wa Kaungu, unaochota maji huko juu msituni na kuyateremsha hadi vijiji vya upande wa Nchiru, pamoja na hosteli za wanafunzi zinazoota huko kila mwaka. Mradi ulikuwa na kilomita themanini na kitu za bomba, karibu zote zikiwa ardhini, na ramani yake pekee ya kutegemewa ilikuwa kichwa cha Naftaly. Wenyeviti walichaguliwa wakatimuliwa, mameneja wakaja na suti zao wakaondoka nazo, yeye akabaki. Aliyetaka kumfukuza angelazimika kwanza kumwuliza pa kuchimba. Hilo Naftaly alilijua fika, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumchorea mtu hata mstari mmoja.

Meneja wa sasa aliitwa Karimi, mwanamke wa Kianjokoma huko Embu, asiyejua kubembeleza wala kubembelezwa. Alikuwa amenunua kompyuta na programu ya kuchorea ramani, akaajiri kijana kutoka Nairobi aiendeshe. Kijana alichora mito, shule na makanisa kwa rangi za kupendeza. Mabomba hakuyachora, kwa kuwa hakujua yalipo, na baada ya wiki sita akapata kazi kwingine. Siku Naftaly alipopeleka barua ya daktari, Karimi aliisoma akiwa amesimama.

"Goti linasema nini?"

"Linasema nikae, madam."

"Basi kaa hapo." Akamwonyesha kiti kilichoachwa na yule kijana.

Masharti hayakuwa marefu. Mkutano wa mwaka wa wanachama ulikuwa miezi mitatu mbele. Kufikia siku hiyo ramani iwe imekamilika, kila bomba, kila valvu, kila mita. Ikikamilika, Naftaly angeandikwa kazi ya kudumu ya kutunza ramani, na kiti kingekuwa chake mpaka astaafu. Isipokamilika, angekwenda nyumbani na goti lake na barua ya shukrani.

"Na isiwe ya kubahatisha," Karimi alisema. "Bomba ambalo haliko kwa ramani, mimi nitahesabu haliko kabisa."

Naftaly alikubali kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Watoto wawili walikuwa shule za bweni, shamba lao lilitosha migomba na mbuzi mmoja wa maneno mengi, na mke wake, Kendi, alifundisha chekechea kwa mshahara ambao ni afadhali usitajwe. Alijua vilevile anachokiuza. Siku ambayo kichwa chake kingeingia chote ndani ya ile kompyuta, mtu yeyote mwenye jembe angeweza kufanya aliyokuwa akiyafanya yeye. Alilifikiria hilo jioni moja nzima, kisha akaamua kwamba goti lilikuwa limemwamulia tayari.

Wa kumfundisha alikuwa Kajuju, na hapo ndipo mambo yalipochekesha, kwa kuwa Kajuju alikuwa anatoka huko anakokwenda yeye. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na stashahada ya kompyuta. Kwa miaka minne alikuwa amekaa katika chumba cha kupanga Nchiru akisikiliza filamu za watu wa ng'ambo na kuandika maneno wanayosema, sentensi baada ya sentensi, mpaka mashine zilipojifunza kusikiliza zenyewe na kazi ikakauka. Alikuja kwenye mradi kuchimba mtaro kwa kibarua cha siku. Wiki ya tatu alimwuliza Naftaly kwa nini nyuzi za bomba, yale mapindi ya kuungia, huzungushiwa tepu upande mmoja tu na si mwingine. Vibarua waliokaa hapo miaka kumi walikuwa hawajauliza hilo. Naftaly akamtoa kwenye jembe akampa spana.

Basi Karimi akawapangia. Asubuhi, ofisini, Kajuju alikuwa mwalimu. Mchana, mtaroni, mwalimu alikuwa Naftaly, ameketi juu ya kigoda ukingoni, goti limenyooshwa, akitoa amri kama askofu.

Asubuhi zilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Mkono uliozoea spana ya kilo tatu haukujua la kufanya na kipanya cha kompyuta.

"Usikikabe, Fundi. Hakitoroki."

"Kinateleza."

"Kinateleza kwa sababu unakisukuma na bega. Tumia vidole tu."

Alitoka jasho kwa kusogeza mshale. Alifuta barabara nzima ya kwenda Nchiru bila kukusudia, na Kajuju alipoirudisha kwa kubonyeza mara moja, Naftaly aliona kama ameonyeshwa jambo la aibu. Katika ufundi wake bomba likikatwa limekatwa. Hapa watu walikata na kuunga siku nzima na hakuna aliyelowa.

Kilichomwokoa ni miguu. Aligundua kwamba akitazama kioo hakumbuki chochote, ila akifumba macho na kutembea moyoni, kila kitu kiko. "Tumetoka kwa tangi kubwa," alikuwa akisema, macho yamefumbwa. "Tunashuka. Hapa kuna jiwe, tulikunja kushoto. Tunapita nyuma ya choo cha Murungi. Hapa mbwa aliniuma. Hapa kuna valvu, futi mbili chini, usisahau." Kajuju aliweka alama, Naftaly akafumbua macho kuhakikisha, wakaendelea. Mwezi wa pili akawa anaweka alama mwenyewe, kwa kidole kimoja kinene, na mistari ya buluu ikaanza kutambaa kutoka msituni hadi chini. Mtu aliyekuwa hajawahi kuona kazi yake yote kwa pamoja aliiona sasa. Alipenda, ingawa hakumwambia mtu.

Mchana alilipa deni kwa ufundi. Alimfundisha Kajuju kusikiliza bomba: unashika kipande cha nondo, ncha moja unaiweka kwenye valvu, ncha ya pili sikioni, unaziba sikio la pili, unatulia. Maji yanayokwenda kwa amani hayana neno. Maji yanayotoka mahali husema. Alimfundisha pia kuunga kwa mtindo wake. Mafundi wengine walimaliza kwa tepu. Naftaly aliongeza ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, akauvuta kwa nguvu, akauzungusha mara tatu, na ncha akaifungia chini, isionekane. Maungio yake hayakuvuja. Palipokuwa na tyubu ya baiskeli chini ya ardhi ya mradi ule, palikuwa na mkono wa Naftaly.

Wiki ya nane mistari ya buluu ilifika kwenye ukingo anakoishi Cicily, mama mkwe wake.

Naftaly aliishi na Kendi kwanza, wakapata watoto wawili, ndipo wazee wakamkumbusha kwamba ruracio, yaani mahari, haijapelekwa. Alipeleka miaka kumi na minne iliyopita: kondoo jike na dume, mtamba, ng'ombe dume, asali. Mzee M'Ikiara, baba ya Kendi, alipokea vyote hivyo kwa mila, halafu akaongeza la kisasa, kwamba mama ya Kendi amechoka kupanda kutoka mtoni na anataka tangi. Naftaly akaleta tangi jeusi la lita elfu tano, wanawake wakaimba, likasimamishwa kwenye jukwaa la mawe kando ya jikoni. Lilikuwa tupu. Mabati ya nyumba yalikuwa na kutu na hayakuwa na mifereji ya kukinga mvua, na mradi ulikuwa umefunga maombi mapya kwa upande huo mpaka chanzo cha pili kijengwe. Majirani wote walikuwa wakisubiri. Wengine walisubiri miaka sita.

Fundi wa maji, aliyepeleka tangi tupu kwa wakwe. Kila Jumapili baada ya ibada alisikia watu wanavyonyamaza akipita. Basi jioni mbili, baada ya kazi, alichimba mwenyewe kutoka kwenye bomba kubwa lililopita nje ya ua wa Cicily. Akaweka tii, kile kiungo cha njia tatu, akaifunga kwa tyubu ya baiskeli kama kawaida yake, akavuta bomba la nusu inchi hadi kwenye tangi, akafukia, akapanda nyasi juu. Mita hakuweka. Wakwe aliwaambia kwamba mradi umempa maji hayo kwa utumishi wake, na Kendi pia akadanganywa hivyohivyo. Cicily aliyaita maji ya ruracio. Alinyweshea sukuma, aligawia waliopungukiwa, na kila alipotaja jina la muthoni wake, yaani mkwe wake huyo, alilitaja kwa sauti ya kusikika.

Sasa mstari ulikuwa umefika pale. Naftaly alifumba macho, akatembea moyoni, akapita ua wa Cicily, na miguu yake ikasimama palepale ilipopaswa kusimama. Kajuju alikuwa na kidole tayari.

"Kuna kitu hapa, Fundi?"

"Hapana. Inanyooka hadi kwa mama Mutwiri."

Akauvuta mstari ukanyooka. Mkono ulikuwa umeshazoea kipanya.

Ramani ilikamilika siku tano kabla ya mkutano. Karimi aliikagua kwa siku mbili, hakusema neno, na kwa Karimi hiyo ilikuwa sifa. Kisha akafanya kile ambacho programu ilinunuliwa kufanya. Mradi uligawanyika kanda kumi na mbili, na kila kanda ilikuwa na mita kubwa mlangoni. Kompyuta ilichukua maji yaliyoingia kwenye kanda, ikaondoa yaliyosomwa kwenye mita za watu, na kama hesabu ilikaribiana, kanda ikawa kijani. Kumi na moja zilikuwa kijani. Ya tisa ilikuwa nyekundu.

Hiyo ya tisa ndiyo kanda ambayo watu wa chini walipata maji siku mbili kwa wiki, na kila mwaka katika mkutano walisimama wakauliza kwa nini. Naftaly alikuwa amezoea kuwajibu kwamba mteremko wa kule ni mdogo.

"Kunavuja au kunaibwa," Karimi alisema, akigonga kioo kwa kalamu. "Kajuju, nenda usikilize. Mkutano ni Jumamosi na sitaki kuonyesha watu nyekundu."

Kajuju alichukua nondo akaenda. Naftaly alibaki kwenye kiti. Yeye ndiye aliyemfundisha kusikiliza, na alijua kwamba amemfundisha vizuri. Kwa saa tatu alisogeza majina ya shule kwenye ramani, kushoto kidogo, kulia kidogo, kisha akayarudisha yalipokuwa.

Kajuju alirudi kabla ya saa nane, tope hadi magotini. Alifunga mlango. Akavuta ile stuli aliyoketia kila asubuhi, akakaa.

"Nimeipata," alisema. "Nje ya ua wa mama Kendi. Nimechimba nikaona tii. Iko na tyubu ya baiskeli, mara tatu, ncha imefungiwa chini."

Naftaly alihisi uso wake ukiwaka, na aliona aibu kwa namna ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mwenyekiti yeyote. Wenyeviti hawakujua alivyofunga maungio yake.

"Sijaambia mtu," Kajuju aliendelea. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Naweza kukata hapo kesho asubuhi, nizibe, niandike kulikuwa na mvujo nimeziba. Kanda itakuwa kijani na hakuna mtu atauliza. Wewe ndiye uliniondoa kwa jembe, Fundi. Sema tu."

Ilikuwa njia safi. Naftaly aliitembea moyoni hadi mwisho wake, kama alivyotembea mabomba. Maji yangekatika kwa Cicily. Cicily angempigia Kendi kwamba maji yamepotea, na mume wako si ndiye mwenye maji. Kendi angemgeukia. Angelazimika kutunga uongo mwingine, au kwenda kuunga tena gizani na goti hili. Na Kajuju angekuwa ameandika kwa mkono wake kitu ambacho hakikuwako, katika mwezi wake wa kwanza wa kuitwa fundi. Kila alipopita palitokeza bomba lingine la kufukia.

"Usiandike kitu," alisema. Akainuka, akaenda kugonga mlango wa Karimi.

Karimi alisikiliza bila kuacha kumtazama. Alipomaliza, aliuliza swali ambalo Naftaly hakulitegemea.

"Kuna ingine?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

"Hizo kanda zingine kumi na moja ni kijani, madam."

Karimi aligeukia kioo chake akaangalia, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini mdomo. "Nikikufukuza," alisema hatimaye, "nitabaki na ramani bila mtu wa kuuliza. Kwa hivyo sikiza. Hiyo laini ikatwe leo. Huyo mama aombe mita kama watu wote, wiki tatu atakuwa amewekewa. Na Jumamosi usimame wewe mwenyewe mbele ya wanachama, uwaambie kanda ya tisa imekuwa ikikosa maji kwa nini. Ukisema, Jumatatu kiti ni chako. Usiposema, nitasema mimi, na kiti nitapea mtu mwingine."

"Mama mkwe wangu ni mwanachama. Huwa hakosi mkutano."

"Basi yeye umwambie kwanza," Karimi alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kwa mtu wa kwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Naftaly, katika miaka kumi na minne, maneno aliyozungumza na Cicily ana kwa ana yangetosha ukurasa mmoja. Mkwe wa Kimeru aliyelelewa vizuri hamtazami mama mkwe machoni, haingii jikoni kwake, na akikutana naye kijiani humpisha. La muhimu hupitia kwa mke. Lakini Kendi naye alikuwa amedanganywa, na kumtuma aupeleke ukweli ambao hajawahi kuambiwa ingekuwa dhambi mpya juu ya ile ya zamani. Naftaly alichukua spana, kisu na msumeno mdogo, akapanda bodaboda.

Cicily alikuwa chini ya kivuli cha ukuta wa jikoni, akipukuchua maharagwe ya njahi ndani ya beseni. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, mwembamba, kitambaa cha kanisani kichwani hata siku ya Alhamisi. Alipomwona mkwe wake akija peke yake, katikati ya wiki, bila kutangulizwa na simu, mikono ilisimama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

Akamwashiria kiti cha wageni. Naftaly aliketi, goti limenyooka, akayasema yote kwa sentensi nne akiangalia viatu vyake. Kwamba maji hayo hakupewa na mradi. Kwamba aliyachimba mwenyewe kwa siri. Kwamba Jumamosi atasimama aseme mbele ya watu. Kwamba amekuja kukata.

Cicily alirudia njahi zake. Alipukuchua ganda baada ya ganda mpaka zilizokuwa mapajani zikaisha, na Naftaly alikaa, kwa kuwa mkwe haondoki kabla ya kuruhusiwa. Kuku walipita. Mahali fulani redio ilikuwa ikihubiri.

"Ule mwaka wa kiangazi," Cicily alisema mwishowe, "wanawake wa kanisa waliniuliza ni kwa nini mimi niko na maji na wao hawana. Mama Mutwiri alilia. Nilisimama mbele nikashika Biblia, nikawaambia haya maji ni haki yangu, ni muthoni wangu aliyafanyia kazi. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, mama."

"Na baba ya Kendi. Siku anakufa aliomba maji. Nilimchotea kwa huo mfereji. Akanywa, akasema binti yetu tulimpa mtu."

Hasira iliyomshika Naftaly ilikuwa juu yake mwenyewe, juu ya yule kijana wa jioni mbili aliyependa kuimbiwa na wanawake.

"Kata," Cicily alisema.

Shimo la Kajuju lilikuwa nje kidogo ya ua, limefukiwa kijuujuu. Naftaly alilifukua kwa mikono. Kuchuchumaa hakuweza, kwa hiyo alilala ubavu kwenye tope, na shati lake la ofisini. Cicily alikuja akasimama juu yake. Hakumsaidia na hakutazama pembeni. Ile tyubu ya baiskeli ilikuwa bado nzima, imekaza kana kwamba imefungwa wiki iliyopita, na kwa nukta moja fundi aliye ndani yake alifurahi. Kisha akaiona furaha hiyo ilivyo, akaingiza kisu. Alikata bomba dogo, akaziba tii, akakaza mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Alihitaji kushika ua ili ainuke.

"Imekwisha, mama. Fomu ya mita nitakuletea kesho. Wiki tatu tu."

Cicily alikuwa akitazama tangi.

"Na haya yaliyo ndani?"

"Hayo yameshaingia. Yatakufikisha mpaka mita ije, ukiyatumia polepole."

"Ni yangu?"

Naftaly akafuta tope kwenye spana.

"Fungua chini," Cicily alisema.

Tangi lilikuwa na mdomo mpana chini, wa kuoshea, uliofungwa kwa kifuniko cha kuzungusha. Alikifunga yeye siku ya sherehe. Alikishika kwa spana, kikagoma, akakiegemea kwa uzito wote, kikalegea. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapiga mawe ya jukwaa, yakajaza matuta ya sukuma, yakayafurika, yakaingia njiani na kushuka kuelekea kwa jirani yakibeba majani makavu. Cicily alisimama mikono nyuma akiyaangalia. Naftaly alisimama hatua tatu kutoka kwake, tope hadi shavuni. Lita elfu tano ni nyingi kuliko mtu anavyodhani akizisoma ubavuni mwa tangi.

Maji yenyewe ndiyo yaliyomwita mama Mutwiri. Alipanda njiani akikimbia kiasi cha umri wake, mtungi wa lita ishirini mkononi, kandambili zikipiga maji.

"Cicily, tangi lako limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Na mbona yanamwagika hivi? Ngoja nikinge basi, huku kwetu mfereji haujatoa tangu Jumatatu." Alikuwa ameshainama, mdomo wa mtungi chini ya maji.

"Si yangu nikupe," Cicily alisema. "Uliza muthoni wangu ni ya nani."

Mama Mutwiri alicheka akidhani ni utani wa wakwe. Kisha akageuka akamwona Naftaly alivyo, tope, spana, uso. Kicheko kikaisha.

"Ni ya mradi," Naftaly alisema.

"Sijasikia," Cicily alisema. Hakuwa amegeuka; bado alikuwa akitazama maji. "Na Jumamosi nitakaa nyuma."

Naftaly akainua kichwa, akasema tena kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia katika ua ule, kwamba ni ya mradi, kwamba ni yeye aliyeyaiba. Mama Mutwiri aliuondoa mtungi wake kwenye maji, akauweka chini, akamwuliza ni tangu lini.